Mgonjwa Akisharudishwa Nyumbani

Kwa miaka mingi nyumba za Dar es Salaam zimelelewa na mabinti wa Iringa. Ukiuliza Sinza, Tabata au Mbezi dada wa kazi ametoka wapi, mara nyingi utatajiwa Kilolo, Mufindi au kijiji fulani cha Isimani. Wanalea watoto wa watu, wanapika, wanafua, na siku hizi, kwa kuwa wazazi wa wenye nyumba nao wamezeeka, wanawageuza wazee kitandani, wanawalisha na kuwaogesha. Mkoa umetoa mikono ya kuuguza nchi nzima, na kazi hiyo haijaandikwa kwenye taarifa yoyote ya maendeleo. Nimekuja Kihesa kumjulia hali shangazi yangu aliyepigwa kiharusi, na nilichokiona kimenifanya niamini kwamba upungufu mkubwa wa afya katika Nyanda za Juu Kusini hauko tena hospitalini. Uko nyumbani, baada ya mgonjwa kuruhusiwa.

Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa, kaskazini mwa mji, kwenye barabara inayopita Nduli na Isimani, ikashuka Mtera na kuingia Dodoma. Barabara hiyo nimeifahamu ikiwa ya vumbi, wakati kwenda Dodoma kulikuwa safari ya kutwa, na mvua ikinyesha hujui utalala wapi. Leo ni lami. Chuo cha Walutheri kilichoanza miaka ya tisini sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa iliyokuwa sekondari maarufu imekuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na wanafunzi wa vyuo hivyo wamebadilisha kabisa sura ya mitaa. Sensa ya 2022 iliipa manispaa watu zaidi ya 202,000, kutoka kama 151,000 mwaka 2012. Viwanja vilivyokuwa na mahindi na maboga nyuma ya nyumba vimejengwa safu za vyumba vya kupangisha, kila mlango na kufuli lake, kila dirisha na pazia lake. Maji ya Ruaha Mdogo na ya chemchemi ya Kitwiru yanafika bombani, na mamlaka ya maji, IRUWASA, inasifika kitaifa kwa haki. Sitaki kuyapuuza haya. Mtu anayeuguza mgonjwa wa kitandani anafua mashuka kila siku, na bomba lililo uani linampunguzia nusu ya mateso.

Shangazi alianguka asubuhi akiwasha moto. Upande wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, na maneno yakamtoka yamekatikakatika. Jirani mmoja alisema ametupiwa kitu, mwingine akasema aombewe kwanza, na wa tatu, Mungu ambariki, akapiga simu kwa kijana mwenye bajaji. Hospitalini alipokelewa vizuri. Alipimwa, akapigwa picha ya kichwa, akaanzishiwa dawa. Hilo la picha si jambo dogo. Kabla ya serikali kusambaza mashine za CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa, kwa sehemu kupitia zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, mgonjwa wa namna hii angepelekwa Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam ili ijulikane tu kama mshipa umeziba au umepasuka. Na ni lazima ijulikane, kwa sababu aspirini inayomfaa aliyeziba mshipa inaweza kumwongezea madhara aliyepasuka.

Kisha akaruhusiwa. Familia ikapewa cheti, bahasha ya dawa na sentensi moja: mfanyisheni mazoezi. Mazoezi yapi, mara ngapi kwa siku, na yafanywe na nani, hakuna aliyeeleza. Simlaumu daktari aliyeisema. Nyuma yake kulikuwa na foleni, na kitanda kilikuwa kinasubiriwa na mtu mwingine. Lakini wataalamu wa kiharusi wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi ya mwanzo, wakati ubongo ungali unajipanga upya. Na sehemu kubwa ya wanaokufa baada ya kutoka hospitali hawauawi na kiharusi chenyewe. Wanakufa kwa nimonia inayoanza chakula kikipita njia ya hewa, kwa vidonda vya kulala vinavyooza hadi mfupani, au kwa damu iliyoganda mguuni. Yote hayo matatu hutokea nyumbani, na mara nyingi yanaweza kuzuiwa na mtu asiye daktari, mradi awe amefundishwa.

Kwa shangazi, mtu huyo ni mjukuu wake, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtoto mchanga. Aliitwa kutoka Dar es Salaam alikokuwa akifanya kazi za ndani. Nilikaa pembeni nikimtazama. Chini ya mgongo wa bibi yake alikuwa ametandika kanga iliyokunjwa mara mbili, kutoka mabegani hadi mapajani. Akataka kumgeuza, akapiga goti pembeni ya kitanda, akamkunja goti la kulia, akaushika upindo wa kanga kwa mikono yote miwili na kuuvuta taratibu kuelekea kwake. Mwili wa mama mzee, mzito kuliko wake, ukageuka wote kwa pamoja bila kuburuta ngozi juu ya shuka. Akaweka mto katikati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, akakagua visigino na kiuno kwa vidole, akitafuta wekundu. Kisha akaangalia saa ya simu. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

Nilipomuuliza amejifunzia wapi, alinijibu, "Kwa yule mzee wa Mbezi, mjomba. Watoto wake walimleta nesi akanifundisha."

Jibu hilo limekaa nami. Familia moja ya Dar es Salaam yenye uwezo ilimlipa nesi amfundishe binti wa Iringa kumtunza baba yao, na ujuzi huo ndio uliomwokoa shangazi yangu na vidonda. Ulifika Kihesa kwa bahati. Katika nyumba za jirani zenye wagonjwa wa aina hii, bahati hiyo haikufika. Niliingia kwa mzee mmoja ambaye jamaa zake wanampenda kwa dhati na wanamlisha akiwa amelala chali. Kila kijiko cha uji kilimletea kikohozi, nao wakadhani ni mafua ya baridi ya Juni. Binti aliwaonyesha namna ya kumkalisha wima, kumpa kidogokidogo upande wa mdomo ulio mzima, na kumwacha amekaa nusu saa baada ya kula. Ni somo la dakika kumi.

Baridi yenyewe inahitaji neno. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu mzima mwenye afya hulala na blanketi mbili. Asiyeweza kujigeuza hawezi hata kujifunika. Kwa hiyo jiko la mkaa huingizwa chumbani, madirisha hufungwa, na hewa yenye sumu ya mkaa hujaa chumba cha mtu ambaye hana nguvu ya kunyanyuka wala sauti ya kuita. Binti hupasha chumba moto mlango ukiwa wazi, kisha hutoa jiko nje kabla ya kumlaza bibi. Naliandika hili waziwazi kwa sababu huenda kuna anayesoma safu hii huku jiko likiwaka chumbani kwa mgonjwa wake.

Sasa niulize swali ambalo majirani hawaliulizi kwa sauti. Kwa nini anayeuguza ni mjukuu? Mama yake yuko wapi, na mjomba wake?

Wamezikwa. Shangazi aliwauguza watoto wake wawili kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, katika miaka ile ambayo Iringa ilikuwa ikizika karibu kila wiki. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini Oktoba 2004, na kwao zilikuja zimechelewa. Akabaki na wajukuu, akawalea kwa kuuza mbogamboga sokoni. Hadi leo mkoa umebeba mzigo mzito: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Takwimu hizo huzungumzwa kama habari za vijana na kondomu. Kwa macho yangu zina sura nyingine. Bibi wa leo wa Nyanda za Juu Kusini ni mtu ambaye kizazi cha katikati, kile ambacho kingemuuguza uzeeni, kilimtangulia kaburini. Anazeeka akiwa na shimo katikati ya ukoo.

Hata hivyo, janga hilohilo liliacha somo kubwa, na nadhani hatujalitumia ipasavyo. Iringa ilijifunza kumfuata mgonjwa nyumbani. Masista wa Consolata, makanisa, vikundi vya watu wanaoishi na virusi na wahudumu wa kujitolea walipita mitaa na vijiji na mikoba yao, wakijua mlango wa kila mgonjwa, wakihesabu vidonge, wakizungumza na familia. Kliniki za wenye VVU, zile za CTC, zikajenga utaratibu ambao nchi haikuwahi kuwa nao kwa ugonjwa wa kudumu: kadi yenye namba, tarehe ya kurudi, dawa ya bure inayopatikana kila mwezi, na mtu wa kukutafuta usipotokea. Kwa sababu hiyo kuna watu Kihesa walioanza dawa wakiwa mifupa mitupu na leo wana wajukuu.

Presha haina utaratibu huo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne, asilimia 26, alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na kisukari kiliwakuta asilimia 9. Wengi hawakuwa wakijua. Shangazi alikuwa akijua. Alipimwa na vijana wanaopita sokoni na mashine, akaambiwa aende zahanati, akaandikiwa dawa, akameza hadi kichwa kikaacha kumuuma, kisha akaacha. Hakuna aliyemtafuta. Jirani yake mwenye VVU angekosa kliniki, angepigiwa simu ndani ya siku chache. Wanawake wawili, ukuta mmoja, magonjwa mawili yote ya maisha yote, na nchi inamfuatilia mmoja tu. Tofauti ilitoka kwenye fedha za wafadhili zilizokuja na masharti ya kufuatilia, na sasa wafadhili wanapunguza mkono. Manispaa na mkoa wangeweza kuunganisha kadi hizi mbili chini ya paa moja kabla mfumo wa CTC haujadhoofika. Wahudumu wapo, madaftari yapo, mazoea yapo.

Kuna msingi mwingine wa kujengea. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, wakilipwa na kupewa mafunzo. Ni mpango mzuri. Wasiwasi wangu ni kwamba mzigo wao umepangwa zaidi kwa wajawazito, watoto, kifua kikuu, malaria na lishe, mambo yanayostahili kabisa, na mzee wa kitandani anaweza kuachwa mwishoni mwa orodha. Mhudumu wa Kihesa afundishwe mambo manne kuhusu kiharusi: kugeuza, kulisha, kunyoosha viungo na kupima presha. Afike nyumbani ndani ya wiki ya kwanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa, akiwa ametaarifiwa na wodi yenyewe. Hilo halihitaji jengo jipya wala jiwe la msingi.

Naendelea kurudi kwa binti kwa sababu kila kitu kinamwangukia yeye. Nilimwona akimbeba mwanawe mgongoni huku akimlisha bibi, na mtoto akiwekewa uji uleule mweupe wa mahindi uliobaki kwenye bakuli. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, katika nchi ambayo wastani wake ni asilimia 30. Huu ni mkoa unaolisha taifa mahindi, viazi na maharage. Watu hushangaa, wengine huwasema akina mama kwa uvivu au ujinga. Mwenye macho aingie jikoni aone. Mama anayelima shamba la mbali, anayeuguza, anayefua mashuka na kuamka kila saa mbili usiku hana saa ya kumpikia mtoto chakula cha peke yake mara nne au tano kwa siku. Udumavu wa mtoto na vidonda vya bibi vinatokana na uhaba uleule wa muda wa mwanamke mmoja. Semina za lishe zinazomfundisha aina za vyakula bila kumpunguzia kazi zinampa somo asiloweza kulitumia.

Fedha nazo. Shangazi hana pensheni. Alilima na kuuza mboga maisha yake yote, kazi ambayo mifuko yetu haikuitambua. Kinachomlisha ni vyumba viwili alivyojenga uani miaka iliyopita, vinavyopangishwa na wanafunzi, na chuo kikifunga hali hubana. Mengine hutoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nimeona jinsi tunavyochanga. Alipokuwa wodini fedha zilimiminika, kila mtu akitaja alichotuma na ya kutolea juu yake. Aliporudi nyumbani kundi likapoa, maana kwetu mgonjwa aliyeruhusiwa amepona. Na bado ndipo gharama zinapoanza: nepi za watu wazima, sabuni, dawa ya presha ya kila mwezi, bajaji ya kwenda kliniki, maziwa. Mshahara ambao binti ameuacha Dar es Salaam hakuna aliyewahi kuutaja kama mchango, ingawa kwa hesabu yoyote ya haki yeye ndiye mchangiaji mkubwa kuliko sisi sote.

Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi bila kujali kama aliwahi kuajiriwa, na kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo inawalipa wazee wa umri huo kupitia Inua Jamii. Bara tuna sera ya wazee tangu 2003, dirisha la wazee katika vituo vya afya, TASAF kwa kaya maskini sana, na tumekuwa na mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, uliotoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni Novemba 2023. Nimeisoma kwa matumaini, na naiunga mkono. Ila bima hulipia kituo. Hailipii mikono iliyoko chumbani, na mzee asiye na kipato chake atabaki kuomba kwa watoto, na kama watoto wamekufa, kwa wajukuu.

Siku ya Jumapili wanakikundi wenzake walikuja kumwona shangazi. Walibisha hodi, "Kamwene, kamwene," wakaingia na sukari, miche ya sabuni na mkungu wa ndizi, wakaimba, wakasali, mmoja akamshika mkono usiofanya kazi na kuusugua bila kuacha. Ni kikundi cha kufa na kuzikana. Kina katiba, ada ya kila mwezi, mweka hazina, faini kwa mchelewaji, masufuria na viti vya kukodisha. Mwanachama akifa, ndani ya saa chache turubai limesimama na chakula kinapikwa. Nawaheshimu sana. Niliwaomba ruhusa ya kuuliza kama katiba yao inasema lolote kuhusu mwanachama anayeugua kwa muda mrefu. Katibu akafikiri, akasema kuna pole ya mgonjwa, inatolewa mara moja akilazwa.

Tukazungumza hadi jua likaanza kuzama. Wanawake wale hawakuhitaji kuelezwa tatizo, kila mmoja alikuwa na jina la mtu wake. Walichokosa ni utaratibu. Mmoja akasema wakijipanga wanane, kila mmoja akakaa na mgonjwa nusu siku kwa wiki, binti atapata nusu siku ya kupumzika, ya kwenda sokoni, ya kumpeleka mtoto kliniki, kila siku. Mwingine akauliza kama ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kupewa kikundi cha kuuguza kwa malipo nafuu kwa familia zenye uwezo, halafu faida ihudumie wasio na uwezo. Sioni kwa nini isiwezekane. Tumeikopesha kwa kuku, kwa bodaboda na kwa kushona vikapu. Mabinti wanaorudi kutoka Dar es Salaam wana ujuzi ambao mitaa yao inauhitaji, na wangeweza kulipwa kwa kuutumia hapahapa, wakafundishwa na wataalamu wa viungo wa hospitali na kupewa cheti kinachotambulika.

Pa kuanzia ni mkutano wa mtaa. Kila mtaa una mwenyekiti, na mkutano wa wakazi unatakiwa kuitishwa kwa kufuata sheria, si kwa hisani. Mara nyingi ajenda ni ulinzi shirikishi, taka na michango ya madarasa. Mtaa wa shangazi uongeze daftari moja: nyumba ipi ina mgonjwa wa kitandani, tangu lini, presha yake ilipimwa mara ya mwisho siku gani, nani anamuuguza, na huyo anayeuguza hupumzika saa ngapi.